Mamba wa Kisima cha Mwanarusi

Nyumba ya Mwanarusi pale Kisauni, ukitoka Mlaleo unashuka kidogo, haikuwa na saa ya kufunga mlango. Asubuhi mahamri na mbaazi, adhuhuri wali, jioni kahawa na tangawizi, na kati ya hivyo vyote watu: wa kupita, wa kukaa, na waliokuja kuazima sinia wakasahau kuondoka. Mwanarusi mwenyewe, mjane mnene wa moyo na wa mwili, haoni raha mpaka asikie barazani kwake watu watatu wasema kwa pamoja na hakuna amsikilizaye mwenziwe. Nyumba ikinyamaza huiuliza ina nini, kama mtu aulizavyo mgonjwa.

Basi fikiria furaha yake mwaka ule wa tisini na saba, bintiye wa pekee, Mwanatatu, alipoposwa na kijana wa Likoni, fundi wa winchi bandarini. Harusi ikapangwa Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia, na wapi kwengine ila nyumbani kwa Mwanarusi. Alikuwa akiingoja siku hiyo tangu mtoto yumo kwenye mbeleko. Alitaka watu wajae ukumbini, wajae uani, wajae mpaka njiani, na wengine warudi kwao wakilalamika kwamba hawakupata pa kukaa.

Lakini mvua haikujua habari za harusi. Redioni waliiita Elnino, na kuna waliodhani ni jina la meli iliyokwama. Ilinyesha mchana kutwa, ikapumzika kidogo kama mtu anayevuta pumzi, ikaendelea. Vyoo vya shimo vikafurika. Cha jirani yake, Mwanarehema, kikabomoka ubavu mmoja, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakajitafutia njia polepole, nyuma ya jiko, mpaka karibu na kisima cha Mwanarusi. Kisima chenyewe alikichimba marehemu babake, kina ukingo wa mawe, na kata ya kifuu imetundikwa kwenye msumari. Mtaa mzima wachota hapo, maana mfereji wa serikali ulikuwa ukitoa upepo zaidi ya maji.

Hapo ndipo alipoingia bwana afya.

Jina lake Phineas, kijana wa bara, mrefu, mwembamba, na buti za mpira zilizompita kipimo. Tangu yale mapigano ya Likoni ya Agosti, wenziwe wengi wa bara walikuwa wamepanda basi wakarudi kwao. Yeye alibaki, na jamaa zake hawakuchoka kumpigia simu kazini kumwambia kwamba yumo hatarini. Phineas alikubaliana nao. Ila hatari aliyokuwa akiiona yeye ilikuwa ndani ya ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Mwanatatu, mletee mgeni maji na chai."

"Chai nitakunywa, imechemka. Maji utanisamehe."

Mtu kukataa maji ya nyumba ya watu, na hajafunga, na hajagombana na mtu.

"Maji yangu yana nini?"

"Maji hii iko na shida, mama. Choo imeingia. Huko Mtopanga watu wanahara na kutapika, wawili wamezikwa. Ni kipindupindu."

"Maji haya," Mwanarusi akamsahihisha. "Kwanza yajue yaitwavyo, ndipo uyaonee ugonjwa."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikammaliza Phineas nusu ya nguvu. Hata hivyo akajitahidi. Akawaeleza kwamba ndani ya maji mna vidudu vidogo hata jicho halivioni.

Mwanarehema alikuwepo, kama kawaida yake. Mwanarehema ni mwanamke ambaye akimwita mwanawe Kisauni, watoto wa Kongowea huitika. Akaweka kikombe chini.

"Ikiwa havionekani, weye umeviona wapi?"

"Kwa mashine. Hospitali."

"Basi viko kwenye mashine yenu. Hapa havijafika."

Phineas akatoa chupa ya dawa ya kutia kisimani. Wanawake wakatazamana. Walikuwa wameshasikia habari ya dawa hiyo: yafunga kizazi.

"Mwanangu aolewa mwezi ujao," akasema Mwanarusi, "nawe waniletea dawa ya kumfunga kizazi?"

"Nani amesema inafunga kizazi?"

"Watu wasema."

"Watu gani?"

"Watu," akajibu Mwanarusi, na kwake jibu lilikuwa limetimia. Akamfungia Phineas mahamri kwenye karatasi, maana ubaya wa maneno ni kitu kimoja na mgeni kutoka mikono mitupu ni kingine.

Sasa, harusi ya Mombasa haialikwi kwa kadi. Kadi ni ya kuwekwa kabatini wageni waione. Ambaye hakuendewa akaalikwa kwa mdomo, mlangoni kwake, na mwanamke aliyevaa buibui safi, huyo hakualikwa, wala hatakuja, na atalisema jambo hilo miaka. Kazi ya kualika akapewa Mwanarehema. Akaanza Changamwe, huko Chaani na Magongo, kisha avuke Likoni kwa jamaa za bwana harusi.

Ila mwalikaji anayeleta mwaliko mtupu hapewi kikombe cha pili. Lazima awe na habari. Na habari ya wiki ile ilikuwa kwamba kule Bamburi, kwenye machimbo ya zamani wanamofugwa mamba, yaliyojaa maji ya mvua, mlinzi mmoja amesema mamba mmoja haonekani. Ni hilo tu. Haonekani. Pengine alikuwa amelala.

Chaani, Mwanarehema alisema mamba ametoroka. Magongo, mbele ya chai ya iliki, alikuwa ameshavuka barabara usiku mbele ya taa za lori. Mpaka afike Likoni, na kaimati zimeletwa zingali moto, mamba alikuwa na urefu wa mkokoteni na ameingia kisimani Kisauni.

"Kisima cha nani?" akaulizwa.

Ukiulizwa hivyo, na watu wote wamekukodolea macho, huwezi kusema hujui. Mwanarehema akataja kisima anachokijua zaidi. Halafu akakumbuka kwamba alikuja kualika, akaalika.

Kesho yake akaja Mwidani, ami wa bwana harusi, mzee wa kanzu na maneno machache. Alikuwa amevuka kwa feri akisimama ukingoni kabisa, ubavuni mwa lori la petroli, sigara mkononi, kwa sababu hapo ndipo penye upepo. Miaka mitatu iliyopita alikuwa amewazika majirani waliozama na feri ya Mtongwe. Miezi kadhaa baada ya hapo alikuwa akivuka kwa dua, kisha akazoea. Kutoka feri alidandia gari, mguu mmoja ndani na mwengine nje, mpaka Kisauni. Alipofika kichochoroni kwa Mwanarusi akaona dimbwi la kufika kifundoni, akasimama.

"Hapa sipiti," akasema. "Naambiwa ana urefu wa mkokoteni."

Ikabidi atandaziwe mbao. Alipoketi akasema alilotumwa: watu wa Likoni hawaji. Watu wana watoto. Harusi naifanywe kwao.

Mwanarusi akahisi kama aliyevuliwa leso sokoni. Mtoto mmoja ndiye aliyenaye, naye atolewe nyumba ya watu, na hapa mlango ufungwe siku ya harusi yake mwenyewe. Nani atamwambia tena kwamba hakupata pa kukaa?

"Nipe mpaka kesho, ami yao," akasema. "Njoo na watu wako wawili watatu. Mkimwona mamba, harusi ni yenu."

Kesho yake hakuja Mwidani peke yake. Ilikuja Kisauni nzima. Kila mtu alikuwa akimwogopa mamba, na kila mtu alitaka nafasi ya mbele. Wanawake wenye watoto mgongoni waliinama ukingoni mwa kisima mpaka vichwa vya watoto vikaning'inia kwa ndani. Mtu mmoja akaweka meza ya sharubati ya ukwaju na barafu, na ndoo yake ilipokauka akaomba njia, akachota hapohapo kisimani, akaendelea kuuza.

Thoya, mchimba visima, akaletwa na kioo. Akalipeleka jua chini kwa kioo kile, akachungulia kwa muda ulioongeza heshima yake.

"Kuna macho mawili," akasema.

Watu wakarudi nyuma hatua moja, kisha wakasonga mbele mbili.

"Hata chura ana macho mawili," ikasema sauti. Ni Phineas, amekuja na chupa yake ileile. Akapanda juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi walichokisahau wapishi uani, kikayumba, akajishika ukuta. "Nyinyi sikizeni. Hakuna mamba hapa. Kuna kipindupindu."

Umati ukasikia nusu ya kwanza. Mwanarusi naye akaidaka hiyohiyo.

"Mmesikia?" akasema, na sauti yake ikafika barabarani. "Mtu wa serikali huyu, si wangu. Asema hakuna mamba." Akaitungua kata msumarini, akaitia kwenye ndoo, akanywa mpaka chini. Akafuta mdomo kwa ncha ya leso. "Mamba angalikuwamo, haya yangalinywewa? Mwanatatu."

"Abee, mama."

"Njoo unywe. Wakwe zako wakuone."

"Mama, usimpe," akasema Phineas, akaishika kata. Mwanarusi akaivuta. Maji yakamwagikia buti za Phineas, na watu wakacheka kama siku ile barazani, ila sasa walikuwa wengi zaidi. Akachota mengine. Mwanatatu akanywa, kwa haya, kama bibi harusi anywavyo. Akanywa Mwidani. Akanywa Thoya. Mwanarehema akanywa kata mbili, maana kusema kwingi kwakausha koo.

"Wallahi, maji matamu," akasema Mwidani. "Basi. Harusi ni hapa."

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mwanarusi alilala siku ile akiwahesabu wageni badala ya usingizi.

Aliyeanza kuumwa ni Thoya. Halafu habari ikaja kwamba Mwidani tumbo lamwendesha. Mwanarusi mwenyewe alishikwa na tumbo, likamwachia. Lakini Mwanatatu, asubuhi alisema hajisikii, na adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani. Ukiifinya ngozi ya mkono wake ilibaki vilevile, imesimama, kama kitambaa cha pamba kilichokauka. Maji yalimtoka juu na chini. Sauti ikamwisha.

Chumba kikajaa wanawake. Hili ni jicho, wakasema, watu walikuwa wengi mno siku ile, na mtoto mzuri. Mmoja akasema atakwenda kwa mwalimu amwandikie kombe, aya za kuoshwa kwa maji mgonjwa anywe.

"Nenda," akasema Mwanarusi. Kisha akauliza, bila kujua kwa nini auliza: "Litaoshwa kwa maji ya wapi?"

"Ya kisimani. Kwani yako mengine?"

Mwanarusi akalisikia neno lile. Akautazama mdomo wa mwanawe, uliopasuka kama udongo, na akauona mkono wake mwenyewe na kata. Akatoka mbio bila buibui, jambo ambalo mtaa haujapata kuliona, akimwita bwana afya.

Wakampakia Mwanatatu kwenye mkokoteni, Phineas avuta mbele, Mwanarusi asukuma nyuma, mpaka kwenye mahema yaliyopigwa uwanja wa shule. Huko akatiwa maji ya mshipa. Chupa moja ikaisha, ikatundikwa nyengine. Hema lenyewe lilikuwa limejaa watu wa kisimani. Thoya kitanda hiki, Mwidani kile, na yule wa sharubati kajikunja pembeni, hamtazami mtu.

"Mamba katutemea," akasema Mwidani kwa sauti iliyobaki. "Kisimani alikuwamo. Alizama tu tulipochungulia."

"Mimi nilimwona macho," akasema Thoya.

Mwanarusi alikuwa amekaa chini, ameushika mguu wa mwanawe. Phineas alipopita akamshika suruali.

"Nitukane, mwanangu. Nilimnywesha kwa mkono wangu, nawe wanizuia."

"Nikikutukana, maji itakuwa safi?"

Hakumsahihisha.

Jioni Mwanatatu akafumbua macho, akaomba maji. Phineas akampa kidogo kidogo kwa kijiko, maji aliyoyachanganya mwenyewe na chumvi na sukari, na Mwanarusi akalia pale alipoona koo la mwanawe linashuka na kupanda.

Thoya naye akapona, na Mwidani, na muuza sharubati, ingawa mtaani kulitoka jeneza la bibi mmoja aliyekuwa akichotewa na wajukuu, wala hakuwa na habari ya mamba yeyote. Mwanarehema, aliyekunywa kata mbili, hakuumwa hata ukucha. Hilo alilitaja kila baraza, kama shahidi aliyeapishwa.

Siku Mwanatatu aliporudi nyumbani, Phineas alikuja na habari ya harusi. Wakubwa wake hawataki mikusanyiko ya kula.

"Nimewasihi," akasema. "Wamesema mimi ndiye nitaulizwa. Kisima kifungwe. Maji ya kunywa, ya sharubati, ya kunawia, yote ichemshwe. Kama hiyo itafanyika, harusi iko. Kama haitafanyika, mama, naleta askari."

"Mimi nimekubali," akasema Mwanarusi. "Lakini sipiki mimi. Wapika wanawake wa mtaa mzima, kila mmoja na jiko lake, nao wakiambiwa vidudu wacheka. Nami nikiwaambia, watasema nimelishwa dawa hospitali."

Akapeleka mtu amwite Mwanarehema, akamwingiza chumba cha ndani, akafunga mlango.

"Shoga, nina siri. Usimwambie mtu."

Mwanarehema akasogea.

"Yule mamba hayumo tena. Lakini ametaga. Mayai yake ni madogo, kama vumbi, hayaonekani. Yakiingia tumboni yaangua. Ndiyo yaliyowatapisha kina Mwanatatu."

"Mimi sikutapika."

"Weye yamekupita. Yatakuja mengine. Hayafi ila maji yatokote mpaka kifuniko kicheze. Lakini, shoga, nakuomba. Siri."

Mwanarehema akala yamini. Hata mahamri hakungoja.

Kufika alasiri, Kisauni nzima ilikuwa yachemsha maji. Makaa yakapanda bei mpaka Kongowea. Visima vikafunikwa kwa mabati na juu yake mawe, ingawa mayai hayajulikani kuruka. Wanawake waliokuwa wakiikimbia chupa ya Phineas wakamzingira njiani, kila mmoja ataka kwake kutiwe kwanza, na kuna aliyemshika mkoba.

"Lakini si mlisema inafunga kizazi?" akauliza Phineas, jasho lamtoka.

"Ikifunga kizazi cha mamba," akajibiwa, "ndiyo hasa twaitaka."

Akaenda moja kwa moja kwa Mwanarusi, uso umemwiva.

"Mama, mamba hutaga nchi kavu. Na yai lake ni kubwa kama la bata. Mimi nimesomea afya. Siwezi kutembea nikitia dawa ya mayai ya mamba."

"Najua," akasema Mwanarusi, akiendelea kuchambua mchele. "Weye uliwaambia vidudu visivyoonekana, wakakucheka. Mayai yasiyoonekana wameyaona. Sasa nambie, wataka wachemshe maji, au wataka wakuamini?"

Phineas akatazama moshi uliokuwa ukipanda kila ua.

"Wachemshe," akasema.

Harusi ikafanyika Shaabani ileile. Ukumbi ukajaa, ua ukajaa, njia ikajaa. Vugo, ngoma ya kina mama, likapigwa mpaka pembe zikapata joto. Mwanatatu alikuwa amekonda, bangili zampwaya, lakini hina ilimshika vizuri ikawa nyeusi, na Mwanarusi kila apitapo alimgusa bega, kana kwamba anakagua kama bado yupo. Mwidani akaja na bakora. Hakukubali kunywa kitu mpaka apelekwe jikoni auone mvuke kwa macho yake. Alipouona akanywa bilauri tatu, akatoka nje kuvuta sigara karibu na mtungi wa gesi wa wapishi. Na mama mmoja wa Magongo alikwenda zake akinung'unika kwamba biriani ilikuwa tamu ila amekula wima, hapakuwa na pa kukaa. Mwanarusi akamwomba arudie, eti hakusikia vizuri.

Phineas akaketishwa barazani, akapewa sinia lake peke yake. Mwanarusi mwenyewe ndiye aliyemletea maji, katika bilauri ya harusi, akayasimamia. Phineas akayatazama, akamtazama yeye, akanywa yote.

"Haya maji ni matamu, mama," akasema.

"Umejifunza na kuyaita."

Akazungusha bilauri mkononi. "Mama, kuna jambo. Kutoka Jumatatu nahamishiwa Likoni. Wameanza kuhara huko. Jana nimewaeleza habari ya vidudu. Wamenicheka vilevile."

Mwanarusi akageuka. Uani, Mwanarehema alikuwa akijifunga buibui lake safi ili awasindikize maharusi ng'ambo, na mdomo wake ulikuwa umeshaanza kusogea kabla hajapata wa kumwambia.

"Mamba atavuka leo hii," akasema Mwanarusi. "Kwa miguu, feri ni bure."